Baridi Iliyokuvua Shati

Lushoto, Alhamisi, baada ya kazi

Tate,

Naanza na neno hili la nyumbani, halafu nitaendelea kwa Kiswahili cha shule, maana ndicho ulichopenda nikusomee hata pale ambapo hukukubaliana na kilichoandikwa. Nimefunga mlango wa ofisi. Wenzangu wameshaondoka. Mwandiko huu si ule uliokuwa ukiwaonyesha watu wa kijiji chetu cha Malindi na kusema, "Tazameni, huyu ni wangu."

Baba, nimejua kilichokuvua shati.

Nimeandika sentensi hiyo nikainuka, nikaenda dirishani, nikarudi. Sasa naweza kuendelea.

Wewe hukuyasikia yaliyosemwa baada yako, kwa hiyo sina budi kukueleza, ingawa yananiuma. Kipupwe cha mwaka jana ulitoka Magamba kwenye kazi ya mbao, unarudi nyumbani kwa ajili ya Ijumaa. Manyunyu hayakukatika tangu asubuhi, na upepo ulikuwa ule unaopenya hadi mifupani. Wanawake wawili waliotoka kuokota kuni walikutana nawe msituni wakakuamkia. Wanasema ulijibu maneno yasiyoeleweka, ukapita ukiyumba, ukajikwaa kwenye mzizi, kisha ukacheka peke yako. Asubuhi yake Mzee Mbaruku, mwenzako wa msumeno, akakukuta chini ya mti mkubwa, umeegemea shina, kifua wazi. Koti lako lilikuwa limetundikwa kwenye tawi. Shati lilikuwa limekunjwa vizuri kando yako, kama la mtu anayejiandaa kuoga.

Mtu mzima, katika baridi ile, anavua nguo kwa nini? Watu walipata jibu kabla sisi hatujapata sanda. Pombe ya miwa. Walisema hivyo juu yako, wewe uliyekataza hata miwa yetu isiuzwe kwa wapika pombe.

Na siku ya maziko Rajabu akaja. Unamkumbuka, dereva wa ofisi yetu, Mzigua wa Handeni, yule uliyekuwa ukimwita mlisha mbu. Yeye ni mtani wetu, na ilikuwa haki yake kufanya aliyoyafanya. Alijilaza katikati ya njia mbele ya jeneza, akapiga kelele, "Mlevi wenu huyu hapiti! Mpeni kwanza maji ya ndimu apate fahamu!" Watu walicheka huku machozi yakiwatoka, kama inavyotakiwa. Mtani hakasirikiwi. Lakini nilimwona Mama akivuta kanga mpaka usoni, na tangu siku ile hajaishusha sawasawa. Haendi gulioni. Wanawake wakikaa pamoja kwenye shughuli, yeye hukaa jikoni na masufuria. Na pale ulipofia, Baba, pameshapata jina. Panaitwa Kwa Mlevi. Watoto wanatumwa kuni huku wakiambiwa, "Msivuke Kwa Mlevi."

Sikuamini hata siku moja. Lakini mtu akiniuliza, "Sasa alivua kwa nini?" nilikuwa nikigeuza mazungumzo. Nimesoma mpaka darasa ambalo wengi wa umri wangu hapa hawakulifikia, na sikuwa na jibu la swali hilo moja.

Mwaka huu yakaja matembezi ya mshikamano ya kuliunga mkono Azimio. Wilaya nyingine walikwenda barabarani tu. Sisi, kwa kuwa tuna milima, tukapewa mlima. Alikuja kijana mmoja kutoka Tanga, Ndugu Katibu, mwenye viatu vizuri na sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi, akatutangazia kwamba tutatembea kutoka Mombo, tupite Soni, Lushoto, Magamba na Malindi, tuingie msitu wa juu, tupande mpaka kileleni, na hapo tusimike bendera. Kila ofisi itoe watu wake. Ofisi yetu ikanitoa mimi kwa kuwa ni kijana, na Rajabu kwa kuwa gari lilikuwa bovu. Wa kutuongoza ndani ya msitu akapatikana Mzee Mbaruku.

Nilitaka kukataa. Unajua nilivyo, hata daraja la Soni navuka nikitazama mbele. Na haikuwa hofu ya kimo tu. Njia ya kwenda Malindi inapita mahali pale. Lakini kukataa matembezi siku hizi kunahitaji sababu, na woga si sababu unayoweza kumwambia Ndugu Katibu. Basi nikafunga mzigo. Blanketi, sweta zangu mbili, soksi na nguo za kubadili, vyote nikavizungushia nailoni mara mbili, nikafunga kwa kamba. Rajabu aliponiona pale Mombo akaita watu wote waje watazame. "Jamani, karani anahama! Au ni mahari hiyo, Msambaa? Unakwenda kumwoa nyani gani huko juu?"

Yeye alikuja na shati, koti la kaki na kofia ya udereva. Nikamwambia kule juu kuna baridi, achukue sweta yangu moja. Akainusa kwa mbali. "Chawa wa Kisambaa wana meno makubwa. Niache na koti langu."

Mombo joto lilikuwa la kukaanga. Tulipoanza kupanda, Rajabu ndiye aliyetuvusha. Baba, hata ningetaka kumchukia nisingeweza. Alitembea mbele yangu akiigiza mwendo wetu. Kwa maelezo yake, Wasambaa tumezaliwa na mguu mmoja mrefu na mmoja mfupi kwa ajili ya kutembea pembeni mwa mlima, na ndiyo maana tukishuka bondeni tunazunguka tu mahali pamoja. Nikamjibu kwamba Wazigua wamebaki mifupa kwa sababu mbu wao hula mchana na usiku. Akafurahi sana. "Sawasawa, mtumwa wangu, unaanza kuamka!" Hata Ndugu Katibu, ambaye alikuwa na nyimbo zake rasmi za kutuimbisha, aliishia kucheka.

Tulilala darasani hapa Lushoto. Kesho yake tukapita Magamba, tukaingia njia ya msitu, na moyo wangu ukaanza kwenda mbio kabla ya miguu. Nilikuwa nimejipanga kupita pale nikitazama chini. Lakini Rajabu alisimama. Akavua kofia, akainama kuelekea lile shina, akasema kwa adabu yote, "Shikamoo, Mlevi!"

Msafara mzima ukacheka. Nami nikatoa meno, kwa kuwa mtani akikutania ukanuna umejiaibisha mwenyewe. Mzee Mbaruku hakucheka. Aliweka mkono kwenye gome la ule mti kama mtu anayepita karibu na ng'ombe wake, kisha akaendelea kutembea. Na mimi nikafanya hivyo hivyo. Gome lilikuwa limelowa.

Malindi walitupokea kwa ngoma. Mama alileta viazi vya kuchemsha na maharage katika beseni, akaviweka kwenye kona ya ukumbi wa shule, akaniita nje. Alinishika mashavu. "Mawingu yale si ya mchezo, mwanangu. Usiende na nguo zilizolowa." Halafu akaondoka kwa njia ya nyuma, ile ya shambani, ili asipite mbele ya watu.

Siku ya kupanda msitu wa juu ilianza kwa ukungu. Ule msitu wewe unaujua, mimi sikuwa naujua. Miti inavaa ndevu. Ardhi ni laini kama godoro lililooza, ukikanyaga maji yanakuja juu. Tulikwenda mmoja nyuma ya mwingine, kila mtu akimtazama aliye mbele yake, kwa sababu ukungu ulimeza kila kilichokuwa mbali zaidi. Mvua ikaanza, si kubwa, ila haikuacha. Tulipotoka kwenye bonde tukapanda mgongo wa mlima, upepo ukatupata ubavuni. Upande mmoja niliona weupe mtupu. Mzee Mbaruku akasema tusisogee upande huo, basi. Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Nilitembea nimeshika majani ya upande wa pili.

Rajabu alikuwa mbele yangu. Koti lake la kaki lilikuwa limelowa mpaka likawa jeusi. Alikuwa akitetemeka, na alifanya kutetemeka kwake kuwe mchezo: "Tazameni, nacheza ngoma ya Wasambaa, sijalipwa!" Nikamtolea tena sweta. Akakataa tena. Baadaye kidogo akaacha kusema. Halafu akasema kitu kuhusu gari, kwamba gia imekataa kuingia, na maneno yalitoka mazito, kana kwamba ana ugali moto mdomoni. Watu wakacheka. Akajikwaa kwenye mzizi akapiga magoti. Mmoja akamwambia, "Kaka, mguu wako mfupi ni upi?" Vicheko vikaongezeka. Na yeye akacheka, lakini kicheko kilikuja kikiwa kimechelewa, kama kimetumwa kwa posta.

Nikasogea karibu naye, sikujua kwa nini.

Tulikuwa tumebakiza mwinuko wa mwisho. Ndugu Katibu alikuwa ameshaanza kuikunjua bendera ili aione kama imelowa. Rajabu akaketi juu ya gogo. Akafungua vifungo vya koti. Vidole vilikuwa vinateleza, kwa hiyo alichukua muda, na wote tulikuwa tumesimama tukimtazama, tukingoja sehemu ya kuchekesha. Akalivua, akalitundika kwenye tawi. "Joto," akasema. "Wasambaa, mmewasha nini huku?"

Walicheka mpaka wengine wakashikana mabega. Ndugu Katibu alijifuta macho. Mzee Mbaruku naye, Baba, alicheka. Alikuwa ameuweka mzigo chini na kugeuka, akaona Mzigua anavua koti kwenye baridi ya kuua kuku, akacheka kama kila mtu. Simlaumu. Mtani akifanya jambo la kichaa, kazi yako ni kucheka.

Rajabu akaanza kufungua shati.

Nilichokiona wakati huo ndicho nataka ukijue. Mtani anapotania hukutazama. Anataka aone umepatwa. Tangu Mombo, kila neno alilotupa, Rajabu aligeuka kutazama limeangukia nani. Sasa alikuwa hamtazami mtu. Macho yake yalikuwa wazi, yanaangalia mahali pasipo na kitu, na mwili wake ulikuwa umeacha kutetemeka. Mvua inampiga kifuani, na hatetemeki. Akalivua shati. Akaliweka mapajani, akaanza kulikunja.

Baba.

Nilipiga kelele. Sijui niliitoa wapi ile sauti. "Mvisheni! Mvisheni, anakufa!"

Wakacheka zaidi. Walidhani nimeingia kwenye mchezo. Ndugu Katibu akanipiga begani. "Ndugu Karani, na wewe umo! Vizuri sana." Nikamsukuma mkono. Kumsukuma mkono Ndugu Katibu! Nikaenda nikamtia Rajabu sweta kichwani, nikaivuta imwingie, na yeye akaniondoa kwa mkono usio na nguvu, akisema joto, joto, niache. Mtu mmoja nyuma akasema, "Huyu Msambaa gani asiyejua utani?"

Nikageuka. Nilikuwa nalia, na sikuona aibu. Nikasema, "Baba yangu alivua shati hivi hivi."

Upepo tu ndio ulioendelea. Nilimtazama Mzee Mbaruku. Alikuwa anakitazama kile kitambaa kilichokunjwa mapajani mwa Rajabu, na uso wake ulibadilika polepole, kama mtu anayesikia anaitwa kwa jina kutoka mbali. Alikuwa ameshawahi kuokota shati lililokunjwa namna ile. Akasema kwa Kisambaa maneno ambayo sitayaandika, kisha akamnyanyua Rajabu mabegani kama gogo dogo.

Ndugu Katibu akasema, nusu akituuliza nusu akituamuru, "Kilele kiko hapo tu. Abaki naye mtu mmoja, wengine tumalize, tutamchukua tukirudi."

Mzee Mbaruku hakusimama. "Kilele hakihami, Ndugu."

Tukashuka kidogo kwenye jiwe lililojitokeza kama paa, mahali ambapo upepo haukufika. Tulimvua vilivyobaki vya kulowa. Nikakata kamba ya mzigo wangu, na chini ya ile nailoni kila kitu kilikuwa kikavu, Baba, kikavu kabisa. Tukamvika sweta zote mbili na soksi, tukamzungushia blanketi, na bado alikuwa baridi kama chuma cha bomba asubuhi. Mzee Mbaruku akasema, "Ingia naye." Nikavua koti langu lililolowa, nikaingia ndani ya blanketi, nikamkumbatia kwa nyuma. Mwingine akamkumbatia kwa mbele. Mzee akapasua mti uliokufa ukiwa bado umesimama, akatoa moyo wake mkavu, akapuliza mpaka moto ukakubali.

Nililala nimemkumbatia mtu aliyelizuia jeneza lako. Kichwa chake kilikuwa chini ya kidevu changu. Nilisikia moyo wake, pigo moja, halafu kimya kirefu, halafu jingine. Kila kimya nilisema moyoni, usifanye hivyo, usifanye. Sikujua tena nasema na nani. Nilikuwa nimekushika wewe. Nilikuwa nimefika kwa wakati chini ya ule mti wa Magamba, nina blanketi kavu, na nimekushika.

Ndugu Katibu alikaa pembeni muda mrefu na bendera yake ikiwa magotini. Halafu akavua viatu vyake vizuri, akavua soksi, akaja akamvika Rajabu mikononi kama glavu. Akarudi kukaa, miguu mitupu kwenye matope.

Chai ilipopatikana tulimnywesha kwa kijiko, tamu ya kuchukiza. Kisha akaanza kutetemeka tena, kwa nguvu, meno yakigongana, na wengine wakaogopa wakasema ndiyo roho inamtoka. Mimi nilifurahi. Aliacha kutetemeka alipokuwa anakwenda. Sasa anatetemeka, basi anarudi. Nilimbana zaidi. Na baada ya muda sauti ikatoka chini ya kidevu changu, dhaifu, yenye kukwaruza.

"Nani huyu Msambaa ananibana? Hata kuoga hajaoga."

Baba, hakuna tusi tamu kama lile. Wanaume wazima walilia. Mzee Mbaruku alitoka nje ya jiwe akasimama kwenye mvua, akatugeuzia mgongo.

Tulilala pale. Asubuhi ukungu ulikuwa umepungua, Rajabu akabaki karibu na moto na watu wawili, na sisi tukapanda mwinuko ule uliobaki. Sijakuficha kitu, kwa hiyo na hili nikuambie: kileleni hakuna kitu. Ni miti. Unajua umefika kwa sababu njia inaanza kushuka. Ndugu Katibu alizunguka akitafuta mahali ambapo bendera ingeonekana, akapakosa, mwishowe akaifunga kwenye mti mmoja mwembamba, tukaimba wimbo mmoja, tukapiga saluti kwa ule mti, tukarudi. Kuteremka ule mgongo sikushika majani. Sikuwa jasiri, nilikuwa nimesahau tu kuogopa upande ule.

Malindi tulipata lori la mboga, likatuleta na Rajabu mpaka hospitali hapa. Daktari alimpima, akanisikiliza, akaniuliza maswali mengi kuhusu yale mavazi. Kisha akaniambia kwa utulivu kama mtu anayeeleza njia ya kwenda posta. Baridi ikiushinda mwili, alisema, mtu huanza kuongea kama mlevi. Huyumba. Husahau. Na mwisho kabisa, damu iliyokuwa imejificha ndani hurudi kwenye ngozi, naye huhisi anaungua. Huvua nguo. "Wengi hukutwa hivyo," akasema. "Watu hudhani ni wazimu au pombe."

Nilimwomba aniambie tena. Akaniambia tena.

Rajabu alikuwa anasikiliza kitandani. Aligeukia ukutani. Halafu akasema, "Ile kelele niliyopiga mbele ya jeneza." Akashindwa. Nikamwambia ulikuwa utani, na utani haudaiwi. Akasema, "Basi niruhusu. Nitapanda Malindi siku ya gulio, nitasimama katikati ya watu nitangaze yule mzee hakulewa. Mimi ndiye niliyewachekesha, mimi niwanyamazishe."

Ilikuwa zawadi kubwa, na niliikataa. Nilikaa nayo siku kadhaa kabla ya kuelewa kwa nini. Kila anachosema mtani watu hukipokea kwa kicheko. Akisimama Mzigua gulioni akasema Msambaa hakulewa, watashikana mabega na kucheka, na wewe utabaki palepale. Rajabu alikaribia kufa mbele ya macho yetu na hatukumwamini. Jambo lako linahitaji mtu asiyejua kuchekesha. Linahitaji karani.

Jumapili nilikwenda nyumbani kumwambia Mama kwanza. Alikuwa uani anapura maharage. Nilimweleza yote kwa mpangilio, kama alivyonieleza daktari, na yeye aliendelea kupiga, nikadhani hasikii. Nilipomaliza alishusha fimbo. Nilitegemea aulize habari za wale wanawake wa kuni, au atasemaje kwa majirani. Hakuuliza hayo.

Aliuliza, "Kwa hiyo mwisho hakusikia baridi?"

Nikamwambia, "Hapana, Mama. Alisikia joto."

Akaketi chini kwenye maganda. Kumbe mwaka mzima, Baba, wakati mimi napigana na neno la watu, yeye alikuwa akilala na kuamka na baridi yako. Alilia kwa sauti, mchana kweupe, na kanga ikamwanguka mabegani na hakuiinua.

Kesho ni Ijumaa. Nimemwomba imamu anipe nafasi baada ya swala, na Mzee Mbaruku amesema atasimama kando yangu, kwa kuwa yeye ndiye aliyekukuta. Naogopa, Tate. Nimeshafanya mazoezi hapa ofisini mbele ya viti vitupu. Wengine hawatanielewa, na wengine wataendelea kupaita pale vile walivyozoea. Siwezi kukuahidi watakavyosema. Nakuahidi nitakavyosema mimi: kwamba ulikuwa unarudi nyumbani, hukuwa umekunywa kitu, na njiani baridi ilikushinda. Nitasema polepole, kwa Kisambaa, na sitaketi mpaka nimalize.

Pumzika, Tate. Mungu akupe nafasi pana. Sisi huku tuko nawe.

Mwanao,
Salehe